Taa ya breki ya juu haiwaki, za chini zinawaka: nibadilishe taa nzima au kuna la kukagua kwanza?

Mkaazi_wa_Njoro

Hamjambo nyote. Naishi Njoro, na kazi yangu hunipeleka Kisumu mara mbili kwa mwezi kupitia Mau Summit na Kericho. Gari langu ni la Kijapani, la mwaka 2012, lile umbo la juu lenye mlango mmoja mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu, na taa ya tatu ya breki imekaa juu ya kioo, ndani ya spoila, lile bawa la plastiki lililo juu ya mlango. Sitaji kampuni iliyolitengeneza, kwa sababu jirani yangu ana gari la kampuni nyingine kabisa na taa yake ya juu imezima vilevile.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tumekwama kwenye foleni pale Salgaa, dereva wa lori lililokuwa nyuma yangu akashuka, akaja dirishani na kuniambia, kwa adabu ambayo sikuitarajia, kwamba taa yangu ya juu haiwaki. Nilipofika nyumbani nilimwomba binti yangu akanyage breki nami nikasimama nyuma kutazama. Taa mbili za chini, ya kushoto na ya kulia, zinawaka vizuri. Ya juu haiwaki hata kidogo.

Nimekwenda kwa mafundi wawili mjini Nakuru. Wa kwanza hakufungua chochote. Alitazama tu akasema taa imekufa, ninunue nyingine iliyotumika kutoka Japani, na duka alilonielekeza likataka shilingi 9,500. Wa pili alipendekeza aunge waya mpya kwenye waya wa taa ya chini, aupitishe nje pembeni mwa mlango mpaka juu, kazi ya nusu saa kwa shilingi 1,500. Sikukubaliana na yeyote kati yao, ingawa siwezi kueleza vizuri kwa nini.

Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, je, kuna njia ya kujua kama taa yenyewe ndiyo iliyokufa kabla sijatoa pesa? Pili, nikiamua kuibadilisha mwenyewe, inatolewaje bila kuvunja spoila? Nina spana, bisibisi na mita ndogo ya kupimia umeme niliyoinunua kwa ajili ya sola ya nyumbani. Labda niongeze, ingawa sidhani kama inahusika, kwamba taa ya namba ya gari nayo huzima na kuwaka yenyewe nikipita barabara mbovu.

Kijana_wa_Section58

Kagua fyuzi ya breki kabla ya kitu kingine chochote. Iko kwenye kisanduku cha chini ya dashibodi, na ikiwa imeungua utanunua nyingine kwa bei ya mkate au chini ya hapo. Lakini kwa kweli, ikiwa taa mbili za chini zinawaka, mimi ningeendelea na safari zangu. Ya tatu ni urembo tu.

Fundi_Waya_Kibuye

Ndugu wa Njoro, usinunue kitu bado.

Kijana wa Section 58, naomba nikurekebishe kwa heshima. Katika magari mengi ya Kijapani ya umri huo fyuzi ya breki ni moja, na swichi iliyo juu ya pedali ni moja, nazo hulisha taa zote tatu. Fyuzi ikiungua, zote tatu huzima. Maadamu mbili za chini zinawaka, umeme umetoka kwenye fyuzi, umepita kwenye swichi na umefika nyuma ya gari. Umepotea katika kipande cha mwisho, baina ya paa na mlango wa nyuma, au ndani ya taa yenyewe. (Yapo magari mapya, hasa ya Ulaya, ambayo kompyuta hulisha kila taa kivyake, na huko hoja yangu ingebadilika.)

Jambo ulilolitaja mwishoni ukidhani halihusiki ndilo lililonifanya niandike. Taa ya namba imefungwa kwenye mlango huo huo wa nyuma, na nyaya zake hupita pamoja na za taa ya breki ya juu ndani ya ile raba nyeusi yenye mikunjo inayounganisha paa na mlango karibu na bawaba. Kila unapofungua na kufunga buti, nyaya hizo hukunjwa na kukunjuliwa. Shaba ikikunjwa maelfu ya mara hukakamaa, nyuzi zake hukatika mmoja baada ya mwingine, ganda la plastiki hupasuka, na mwishowe waya hukatika kabisa huku raba ikiwa nzima kwa nje na hakuna anayeshuku. Waipa ya nyuma, kamera ya kurudi nyuma, kufuli la mlango na zile nyaya za kukausha kioo navyo hutegemea njia hiyo hiyo. Nimewapokea watu waliokwisha kununua mota ya waipa, kisha kamera, kisha taa, kwa sababu ya kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole.

Sasa pima. Fungua mlango wa nyuma na uutegemeze kwa mti imara, kwa maana vile vyuma vya gesi vinavyouinua huchoka na mlango unaweza kukushukia kichwani ukiwa umeinama. Tazama ukingo wa juu wa ndani wa mlango. Kwa kawaida utakuta vifuniko vidogo vya plastiki au raba, na chini yake nati au skrubu mbili zinazoishika taa. Kwa magari mengine lazima kwanza uondoe bodi ya plastiki ya ndani, ambayo inashikwa na klipu. Klipu hizo hung'oka salama zikiwa na joto na huvunjika zikiwa baridi. Sisi wa Kisumu saa nane mchana hatuna shida, lakini wewe wa Njoro usiziguse asubuhi. Liache gari juani kwanza. Tumia kipande cha plastiki kigumu badala ya bisibisi, ambayo itakuachia makovu kwenye rangi.

Ukilegeza taa, ivute kwa nje polepole, kwa sababu katika magari mengi mrija wa maji ya waipa ya nyuma hupita hapo hapo na hata kutokea katikati ya taa. Ukivuta kwa nguvu utaukata, na siku utakapoosha kioo maji yatamwagika ndani ya mlango. Chomoa soketi ya umeme kwa kubonyeza ulimi wake, kisha uanze kupima kwenye soketi hiyo. Breki za magari mengi huwasha taa hata ufunguo ukiwa umetolewa. Kama huna mtu wa kukanyaga, chukua fimbo, ielekeze kutoka kwenye pedali hadi kwenye kiti, kisha usogeze kiti mbele mpaka pedali ishuke.

Mita yako itakufaa, lakini usiiamini peke yake. Mita hutumia umeme mdogo mno, kwa hiyo uzi mmoja tu wa shaba uliobaki, tena uliojaa kutu ya kijani, bado utaionyesha volti 12 kamili. Unahitaji kitu kinachokula umeme kidogo. Chomoa balbu ya taa ya namba, ambayo mara nyingi ni ya wati 5, ifunge vipande viwili vya waya, nawe umeshapata testa. Iguse kwenye matundu mawili ya soketi huku breki ikiwa imekanyagwa. Ikiwaka kwa nguvu, nyaya ni nzima na taa ndiyo mbovu. Isipowaka, hamisha upande wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bati, uguse bati la gari lisilo na rangi: ikiwaka sasa, waya wa athi ndio uliokatika, ikikataa bado, ni waya unaoleta umeme. Mwombe mtu aitikise ile raba ya mikunjo wakati wewe unaitazama balbu.

Ukiwa unaondoa bodi za plastiki pembeni mwa paa, ukiona soketi au ganda la waya la rangi ya njano, liache kama lilivyo. Hizo ni nyaya za mifuko ya hewa ya kuokoa maisha, na hazichezewi kwa testa.

Kuhusu yule aliyetaka kupitisha waya nje: raba ya mlango itauminya kila siku, maji yatapata njia, na siku ganda lake litakapokwanguka ukagusa bati, fyuzi ile moja itaungua na utabaki bila taa ya breki hata moja. Ungekuwa umelipa shilingi 1,500 ili kuzihatarisha zile mbili zilizo nzima.

Mkaazi_wa_Njoro

Fundi, nimefanya ulivyoelekeza jana mchana, na nimekaa kimya mpaka leo kwa sababu nilitaka kuhakikisha kwamba sijidanganyi. Taa ilitoka kwa nati mbili za spana namba 10. Mrija wa maji ulikuwepo kweli, nami ningeukata kama nisingesoma maneno yako kwanza.

Mita ilionyesha volti 12.3. Kama ningeishia hapo ningekwenda moja kwa moja kulipa zile 9,500. Balbu ya taa ya namba haikuwaka. Nikagusa bati, haikuwaka. Binti yangu alipoishika ile raba na kuikunja kuelekea kushoto, balbu ikawaka kwa muda wa kupepesa jicho, ikazima tena.

Nimeichomoa raba upande wa paa na kuivuta nyuma. Kuna nyaya saba ndani. Mmoja wa kijani wenye mstari mweupe umekatika, ncha zake mbili zikiwa zinagusana tu kwa bahati. Wa pili umebaki na nyuzi chache, nao nimeufuata mpaka kwenye taa ya namba. Wa tatu ganda lake limepasuka ingawa shaba yake bado ni nzima. Sasa naomba mwongozo wa kuunga. Nina tepu nyeusi.

Fundi_Waya_Kibuye

Tepu nyeusi iweke kwanza. Kusokota ncha mbili na kuzungushia tepu ndani ya raba hiyo ni kuahirisha tu. Gundi ya tepu hulainika kwa joto na kuanza kuteleza, na mahali hapo panakunjika kila siku.

Ununue waya mpya wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba, unene uleule au mkubwa kidogo, maana nyuzi nyembamba ndizo zinazovumilia kukunjwa. Usiuchukue ule wa nyumbani wenye uzi mmoja mnene, utakatika kabla ya mwaka. Kata sehemu yote iliyochoka ya kila waya, uweke kipande kipya kirefu kiasi kwamba viungo vyote viwili vinaangukia nje ya mikunjo: kimoja ndani ya paa na kingine ndani ya mlango. Hili ndilo jambo ambalo mafundi wengi hulikosea. Risasi ya kulehemu hupenya kati ya nyuzi na kuzifanya kuwa ngumu kama msumari, na waya mgumu ukikunjwa hukatikia pale pale ugumu unapoishia. Kiungo cha risasi ni kizuri sana mradi kikae mahali pasipokunjika.

Viungo vya nyaya tatu visikae sambamba. Kimoja kiwe mbele kidogo na kingine nyuma, ili visije vikafanya fundo nene wala kugusana. Kabla ya kulehemu, vika kila waya ule mrija mdogo wa plastiki unaojikunyata kwa joto. Nasema kabla, kwa sababu hakuna fundi ambaye hajawahi kumaliza kulehemu vizuri kabisa kisha akauona mrija umelala mezani. Huo wa tatu uliopasuka ganda ubadilishe sasa hivi, usingoje ukatike. Acha ulegevu kidogo, fungua na ufunge mlango mara kumi ukitazama kama kuna waya unaovutwa, ndipo urudishe raba.

Mama_wa_Kakamega

Mimi si fundi, lakini naomba niongeze jambo moja ambalo limenigharimu. Mwaka jana nilibadilishiwa taa ya aina hiyo katika gereji moja ambayo sitaitaja. Taa iliwaka vizuri. Baada ya miezi miwili ya mvua za kwetu, ambazo nyote mnazijua zinavyonyesha kila alasiri, nilianza kusikia harufu ya ukungu ndani ya gari, na nilipoinua zulia la buti nikakuta maji yamejaa pale linapokaa gurudumu la akiba, na spana zote zimeshika kutu.

Ilitokea kwamba aliyebadilisha taa hakurudisha ile sponji nyembamba inayozunguka mgongo wa taa, na vilevile mdomo wa raba ya nyaya haukuingizwa sawasawa kwenye tundu la paa. Maji yaliingia kwa njia mbili. Kisha fundi mwingine, kwa nia njema, akapaka silikoni ya aina ile inayonuka kama siki. Mume wangu, ambaye ni mfanyakazi wa maabara, aliinusa tu akasema iondolewe, kwa kuwa asidi inayotoka humo wakati inakauka hula shaba na bati. Tuliikwangua yote tukapaka ile isiyo na harufu hiyo. Kwa hiyo, ndugu yetu, ukishafunga kila kitu, chukua mtungi wa maji umwage juu ya paa mlango ukiwa umefungwa, halafu upapase ndani kwa karatasi ya chooni. Karatasi huonyesha tone ambalo mkono hauwezi kulihisi.

Kijana_wa_Section58

Nimekubali kosa langu kuhusu fyuzi. Lakini nauliza kwa nia njema, si kwa ubishi: kuna haja gani ya kazi hii yote kwa taa ya tatu? Magari yetu ya zamani hayakuwa nayo na tuliendesha.

Dereva_Mstaafu_Nakuru

Mwanangu, umeuliza vizuri, na kwa kuwa nimeendesha magari makubwa katika barabara ya Nakuru kwenda Kisumu na ile ya kwenda Eldoret kwa muda mrefu, nitakujibu kwa ninayoyajua.

Ukiwa ndani ya kabini ya lori unakaa juu sana. Gari dogo likiwa mbele yako karibu, kwenye msongamano, taa zake za chini hufichwa na ncha ya kabini yako mwenyewe. Unachobaki kukiona ni kioo cha nyuma na kile kilicho juu yake. Wakati wa mvua kati ya Londiani na Kericho taa za chini hufunikwa na tope baada ya muda mfupi tu, lakini ya juu hubaki safi. Kuna na hili: taa za chini huwa nyekundu usiku kucha kwa sababu ya taa za kawaida za nyuma, na breki ikikanyagwa zinaongezeka mwanga tu, jambo ambalo jicho lililochoka, katika ukungu wa Timboroa, linaweza kulikosa. Taa ya juu haina kazi nyingine. Ikiwaka, kuna mtu amekanyaga breki. Tena ukiwa wa tatu katika msururu, unaweza kuiona taa ya juu ya gari la kwanza kupitia vioo vya gari la pili, ukaanza kupunguza mwendo kabla hata huyo wa pili hajagutuka.

Taa hii haikuwekwa kwa urembo. Ilianza kujaribiwa kwenye teksi za San Francisco katika miaka ya 1970, na matokeo ya mwanzo yalikuwa makubwa kiasi cha kutilika shaka, kwamba ajali za kugongwa nyuma zilipungua kwa zaidi ya nusu. Marekani ikaifanya kuwa lazima kwa magari madogo kuanzia matoleo ya mwaka 1986, na kwa pikapu na magari ya umbo kama la ndugu yetu kuanzia matoleo ya 1994. Baadaye, kila gari lilipokuwa nayo na macho ya watu yakaizoea, faida ilishuka, na makadirio rasmi ya huko ya mwaka 1998 yalisema kwamba inapunguza ajali za kugongwa nyuma kwa asilimia 4.3. Utasema asilimia 4.3 ni kidogo. Kwa kifaa chenye gharama ndogo namna hiyo, mimi sioni kuwa ni kidogo, hasa nikikumbuka mteremko wa kutoka Sachangwan kuja Salgaa na uzito uliokuwa ukinisukuma kwa nyuma.

Halafu kama taa hiyo ni ya LED, huwaka mara moja, ilhali balbu ya kawaida huhitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde ili waya wake upate moto wa kutosha. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huo ni umbali wa zaidi ya mita nne. Nimewahi kusimama nikiwa nimebakiza chini ya hapo.

Mkaazi_wa_Njoro

Mzee, asante sana. Fundi, nimeunga nyaya zote tatu kama ulivyosema, na ndiyo, kwa waya wa kwanza niliusahau mrija mezani, ikabidi nifumue. Taa ya namba sasa imetulia. Mama wa Kakamega, karatasi imetoka kavu.

Lakini taa ya breki ya juu imenishangaza. Ndani yake kuna taa ndogo kumi na mbili zilizopangwa kwa mstari, na sasa nne za upande wa kulia zinawaka vizuri, nane zilizobaki ni giza. Je, nimeunga vibaya? Nikiangalia kioo chake chekundu dhidi ya jua naona pia ukungu wa maji kwa ndani upande wa kushoto.

Fundi_Waya_Kibuye

Hujaunga vibaya. Taa ndogo za LED hazifungwi kila moja peke yake. Nyekundu moja huhitaji volti mbili hivi tu, kwa hiyo watengenezaji huzifunga kwa mafungu, kwa mfano nne zikifuatana kama ng'ombe wa plau, pamoja na kizuizi kimoja cha kupunguza umeme unaobaki. Moja katika fungu ikikatika, zote nne huzima. Kwako mafungu mawili kati ya matatu yamekufa, na ukungu huo wa ndani unaeleza sababu: maji yamekula sehemu ya bodi yake. Kumbe ulikuwa na magonjwa mawili, na lile la waya lilikuwa limelifunika la pili. Yule fundi wa kwanza hakuwa amekosea moja kwa moja, ila alipiga ramli. Ungenunua taa, ukaifunga, nayo isingewaka, nawe ungeirudisha dukani ukigombana na mtu asiye na hatia.

Je, inaweza kufunguliwa na kutengenezwa? Inaweza, nami nimeshafanya hivyo, lakini sikushauri. Kioo na mgongo wake huwa vimeyeyushwa pamoja kiwandani. Lazima uvikate kwa msumeno mwembamba, na hata ukivigandisha vizuri, ile hali ya kutopitisha maji hairudi kama ilivyokuwa. Usidanganyike pia na zile tepu za LED za dukani zinazobandikwa ndani ya taa ya zamani. Nyeupe ikiwekwa nyuma ya kioo chekundu hutoa rangi ya waridi iliyofifia, na zile zinazopepesa huwachanganya walio nyuma. Taa ya breki inatakiwa iwake nyekundu na itulie mpaka mguu utoke.

Kwa hiyo sasa, ndiyo, nunua taa, na iliyotumika kutoka Japani inatosha. Nenda na hii ya zamani mkononi, kwa sababu toleo lenye spoila na lisilo na spoila huwa na taa tofauti hata kama magari ni ya mwaka mmoja. Linganisha namba ya kifaa iliyochapwa mgongoni. Usilipe kabla haijawashwa kwa betri hapo dukani, na uhesabu taa ndogo zote moja moja, kwa kuwa muuzaji atakuonyesha kwa mbali mchana wa jua na kukuambia zinawaka. Itikise sikioni kama yai. Kagua sponji ya mgongoni. Ikiwa imekauka na kubanduka, nunua nyingine.

Mkaazi_wa_Njoro

Narudi kutoa taarifa ya mwisho, kwa kuwa mmenisaidia hatua kwa hatua na si haki niwaache mkijiuliza.

Taa nimeipata Ijumaa katika duka jingine la spea mjini Nakuru, kwa shilingi 4,000, baada ya muuzaji kushangaa kuniona nikihesabu moja hadi kumi na mbili kwa sauti. Ya kwanza aliyonipa ilikuwa na kumi na moja, akaileta ya pili bila ubishi. Nimeifunga na sponji mpya, nikaurudisha mrija wa maji ya waipa, nikakaza nati kwa mkono kisha robo ya mzunguko kwa spana ili plastiki isipasuke. Nimemwaga maji mitungi miwili. Pakavu.

Jumamosi jioni sikuwa na mtu wa kunikanyagia breki, kwa hiyo nikatumia ile fimbo kwenye pedali ili nizitazame taa zote tatu kwa pamoja kutoka langoni. Ziliwaka vizuri sana. Nikaitwa chakula, nikafunga gari, nikalala. Jumapili asubuhi, tukiwa tumevaa kwenda kanisani, gari halikuweza hata kugeuza injini, na fimbo ilikuwa bado pale pale. Nimepiga hesabu leo: balbu mbili za chini za wati 21 kila moja, pamoja na hiyo ya juu inayokula kidogo tu, ni karibu ampea nne, na kwa saa tisa hakuna betri ndogo inayoweza kuvumilia. Mlinzi wa jirani alisema kwamba aliziona taa zote tatu zikiwaka bila kupepesa mpaka karibu saa kumi alfajiri, na kwamba alidhani nimeziacha kwa makusudi ili kumsaidia kulinda.